Orodha ya ICD-10 ya WHO mtandaoni: tumeipima kwa jeraha la mvuke

Sufuria ya biriani imepaliwa makaa juu ya mfuniko, na unga umezungushwa ukingoni hewa isipenye. Anayepakua anaondoa makaa, anavunja unga, kisha anainua mfuniko kuanzia upande wake badala ya upande wa mbali. Mvuke wote unamjia mkononi. Baadaye yuko zahanati, Langoni au Maweni, na malengelenge kuanzia kifundo hadi nusu ya kigasha. Daktari ameandika: «ameungua mkono, mvuke». Kazi ya kuyageuza maneno hayo matatu kuwa misimbo ni ya afisa wa kumbukumbu za afya, na chombo alicho nacho ni ukurasa wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, wa Shirika la Afya Duniani, WHO, toleo la 2019, ulioko bure kwenye icd.who.int.

Ukurasa huo ndio tunaoupima hapa, na mwishoni tutamgusa kidogo mdogo wake, kitafutio cha ICD-11. Jeraha la mvuke tumelichagua makusudi. Lina msimbo wake, X13, linaonekana jepesi, lakini linafichua uzuri na ubovu wa chombo upesi kuliko malaria au kisukari. Alama zetu: nne kati ya tano. Ile moja tumeinyima kwa sababu ya nafasi ya nne ya msimbo, na hapo tutakaa sana maana ndipo pa kuharibikia fomu.

Ukifungua, kushoto pana mti wa sura 22, kulia maelezo, juu kisanduku cha kutafutia. Sura ya 19, yenye herufi S na T, ni ya majeraha yenyewe. Sura ya 20, yenye V, W, X na Y, ni ya kilichosababisha. Lugha ni Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kichwa cha X13 kimeandikwa «vapours» yenye u. Aliyezoea tahajia ya Marekani aandike «steam» tu, yatosha. Neno «scald» nalo halimo kwenye kichwa cha X13. Limo kwenye maelezo ya kundi la T20 hadi T32, yaani upande wa jeraha, si upande wa chanzo.

Neno «steam» lenyewe lina mtego. Limo kwenye vichwa vinne: X13 ni ajali, X77 ni mtu kujidhuru kwa makusudi, X98 ni kushambuliwa na mwingine, na Y27 ni pale nia haikujulikana. Kwa anayekimbizana na foleni, vinne hivyo vinafanana. X98 ina uzito wa kisheria, usiiandike kwa kuhisi tu eti mume na mke walikuwa wakigombana jikoni. Daktari aandike kwanza, msimbo ufuate. Ndiyo maana tunapendelea mti wa kushoto kuliko kisanduku: fungua sura ya 20, teremka hadi kundi la X10 hadi X19, uyasome majina yote kumi pamoja. Ukiyasoma kwa pamoja ndipo unapoona X13 inaishia wapi na jirani yake anaanzia wapi.

Tumrudie mpakuaji wetu. Kifundo na kiganja ni T23. Kigasha ni T22, ambayo inabeba bega na mkono wote isipokuwa kifundo na kiganja. Malengelenge ni daraja la pili, kwa hiyo T23.2 na T22.2. Eneo lote la mwili lililoungua halifiki 10%, basi T31.0 inaongezwa. T31 haitangulii isipokuwa pale sehemu ya mwili haikutajwa kabisa. Ikitajwa, T31 ni ya kusindikiza. Mwisho kinakuja chanzo, X13, na kwa kuwa ilikuwa nyumbani, X13.0.

Sifuri hiyo ndiyo yenye kisa.

Katika ICD-10 ya WHO nafasi ya nne ya X13 inasema mahali tukio lilipotokea. Sifuri ni nyumbani, 1 ni makazi ya taasisi, 2 ni shule, hospitali na majengo ya umma, 3 ni viwanja vya michezo, 4 ni barabara na njia, 5 ni maeneo ya biashara na huduma, 6 ni viwandani na kwenye ujenzi, 7 ni shambani, 8 ni kwingineko kunakojulikana, 9 ni pasipotajwa. Orodha hii inatumika kwa W00 hadi Y34, isipokuwa Y06 na Y07. Kosa la ukurasa ni kwamba maelezo yake yamekaa mwanzoni mwa sura ya 20, mbali na X13. Asiyejua kurudi juu ataandika X13 kavu, au ataweka 9 kila mara, na baada ya mwaka takwimu zitasema mvuke huunguza watu pasipojulikana. Iandike orodha hiyo kwenye karatasi, uibandike ukutani karibu na kompyuta. Ni kazi ya dakika tano.

Kwetu Pwani mahali kuna utata wake. Mapishi ya harusi au ya maulidi yakifanyika kwenye ua wa nyumba ni 0, maana ua ni sehemu ya makazi. Sufuria zikipangwa kwenye kichochoro, ni 4, hata kama kichochoro hicho cha Lamu hakipiti gari ila punda. Ndani ya jengo la shule ni 2. Mgahawa na hoteli za Malindi ni 5, na gereji ya biashara pia ni 5, ingawa wengi hukimbilia 6 kwa kuona spana na mafuta. Dobi wa hoteli aliyeunguzwa na mvuke wa pasi ni X13.5. WHO pia inaruhusu tarakimu ya ziada ya shughuli, ambapo 2 ni kazi ya kipato, lakini hiyo haichukui nafasi ya mahali. Mahali kwanza.

Sasa hatari kubwa zaidi, ambayo si kosa la WHO. Ukitafuta mtandaoni bila kwenda moja kwa moja icd.who.int, utaangukia kurasa za ICD-10-CM, nakala ya Marekani iliyoanza kutumika huko tarehe 1 Oktoba 2015. Zina rangi nzuri, ni za haraka, na ni za bure. Lakini kule X13.0 maana yake ni kuvuta mvuke kwa pumzi, na X13.1 ni kuguswa na mvuke kwa namna nyingine. Kisha wanajaza herufi hadi nafasi ya saba: X13.1XXA, ile A ikiwa matibabu ya mwanzo, D ya kuendelea, S ya athari za baadaye. Mtu akichukua X13.1 kutoka huko akaiweka kwenye rejista inayofuata WHO, amesema mgonjwa aliungua kwenye makazi ya taasisi, bweni kwa mfano. Akiweka X13.0 kwa mtoto aliyevuta mvuke, msomaji anaona «nyumbani» tu. Fomu haitapiga kelele, maana msimbo upo pande zote mbili. Hilo ndilo kosa baya: linapita ukaguzi.

Dalili za kulijua ni rahisi. Ukiona X zilizojazwa katikati, au msimbo unaotofautisha mkono wa kulia na wa kushoto kama T23.201A, uko Marekani. Toka.

Mpaka wa pili wa kuuangalia ni kati ya mvuke na majirani zake. Chukua birika moja jikoni. Mvuke wa mdomoni ukikupiga, X13. Ukigusa ubavu wake wa moto, X15, vyombo vya nyumbani vya moto. Maji yaliyochemshwa jikoni yakikumwagikia, X12. Yakiwa yameshatiwa majani na kuwa chai, X10, pamoja na vyakula na mafuta ya kupikia. Mafuta ya mahamri nayo yamo humo. Maji ya moto ya bomba ni X11. Birika lile lile, misimbo minne, na kinachoamua ni sentensi ya daktari. Hewa ya moto inayotoka kwenye tanuri unapolifungua si mvuke, ni X14. Kuhusu chetezo, moshi wa ubani hauna nafasi hapa kabisa; aliyefukiza nguo zikashika moto mwilini anakwenda X06, ikiwa si nguo za kulalia.

Kujifukiza ndiko kunakokosewa mno. Mgonjwa anakaa juu ya beseni la maji yaliyochemka, shuka kichwani, majani ya mwarobaini au mkaratusi ndani. Anapoungua, fomu inaandikwa «mvuke» kwa sababu shughuli yenyewe ni ya mvuke. Uliza swali moja: beseni lilipinduka? Likipinduka, kilichounguza ni maji, X12, na jeraha utalikuta mapajani na miguuni, T24 au T25. Mvuke wenyewe huunguza uso: T20, na macho peke yake ni T26. Mahali pa jeraha panakuambia chanzo hata kabla hujauliza, na visipolingana rudisha faili kwa daktari.

Rejeta ya matatu ni somo jingine. Dereva anafungua mfuniko injini ikiwa bado moto, presha inarusha maji na mvuke usoni na kifuani. Ukiandika «radiator» kwenye kisanduku unapelekwa X16, ambayo ni vifaa vya kupasha joto na mabomba yake, yaani kugusa chuma. Siyo. Kama kilichomuunguza ni mvuke, X13. Kama ni maji yaliyoruka, X12. Sufuria ya presha nayo ina sura mbili: mvuke ukitoka kwenye valvu au mfuniko uliofunguliwa mapema ni X13, lakini sufuria yenyewe ikipasuka ni W38, kupasuka kwa vyombo vya presha. Boila ya hoteli au ya kiwanda ikipasuka ni W35.

Na chomboni? Hapa vituo vya Lamu vina kazi kuliko vya bara. Mpira wa maji ya kupooza injini ya dizeli ukipasuka baharini, mvuke ukamvaa nahodha au baharia, mkono unakwenda wenyewe X13. Lakini joto la chumba cha injini na majeraha ya mashine za chomboni yamewekwa V93, ajali ndani ya chombo cha majini ambacho chenyewe hakikuzama wala kugonga. Na kwenye V93 nafasi ya nne si mahali tena, ni aina ya chombo: 0 meli ya mizigo, 1 ya abiria, 2 ya uvuvi, 3 chombo kingine cha injini, 4 chombo cha tanga. Mashua ya uvuvi ni V93.2. Aliyezoea orodha ya ukutani anaweza kusoma 2 hiyo kama shule. Chini ya orodha yako andika kwa wino mwekundu: V haimo.

Mvuke ukiingia kooni, jambo ni zito na msimbo unabadilika upande wa jeraha, si wa chanzo. Kinywa na koromeo ni T28.0. Zoloto na koo la hewa ni T27.0, na mapafu yakihusika ni T27.1. WHO haina msimbo wa chanzo unaotenga kuvuta mvuke kwa pumzi, kwa hiyo usipoweka T27 habari hiyo imepotea moja kwa moja. Sauti kukwaruza, mate kumshinda mgonjwa kumeza, au pumzi kutoa mlio ni mambo ya kumwahisha kwa daktari kwanza, faili litangoja.

Kuhusu daraja, ukurasa unatoa nafasi rahisi: .0 halikutajwa, .1 la kwanza, .2 la pili, .3 la tatu. Kwa mvuke usikubali .0 kirahisi, na usiliapie daraja la saa ya kwanza. Kilo moja ya mvuke wa nyuzi 100 inapogeuka maji juu ya ngozi hutoa kilojuli 2,260 hivi. Kilo moja ya maji yaliyochemka ikipoa kutoka 100 hadi 37 hutoa kama 264 tu. Yaani zaidi ya mara nane, kabla hayo maji mapya hayajaanza kupoa. Tena mvuke hupenya kanzu na buibui. Kinachoonekana wekundu jioni kinaweza kuwa malengelenge asubuhi, na kina halisi cha jeraha huonekana vizuri zaidi baada ya saa 48 hadi 72. Daktari akirekebisha daraja wakati wa kubadilisha bandeji, na msimbo urekebishwe.

Kwa kukadiria eneo, kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni karibu 1% ya mwili wake. Wekundu mtupu usio na malengelenge hauhesabiwi. Kwa mtoto mdogo usitumie hesabu ya tisa tisa ya mtu mzima, inayougawa mwili kwa mafungu ya 9%, maana kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili. Tumia kiganja chake, si chako. Jeraha likienea sehemu nyingi na hakuna nafasi ya kuzitaja zote, T29.2 inatosha ikiwa hakuna lililozidi daraja la pili, na T29.3 likiwapo hata moja la tatu.

Mgonjwa anaporudi kufungwa bandeji, WHO haina A wala D za Kimarekani. Kovu lililokaza kiwiko mwaka mmoja au zaidi baadaye linaandikwa kwa hali yake ya sasa, likifuatwa na T95, athari za kuungua, na Y86 upande wa chanzo. X13 wakati huo imeshapita.

Mpangilio wa misimbo nao una kanuni ambayo ukurasa wa mti haukuonyeshi. Iko kwenye Juzuu la 2, kitabu cha maelekezo, kinachopakuliwa hapo hapo kama PDF. Kwa mgonjwa aliye hai jeraha linatangulia na chanzo kinafuata: T23.2, kisha X13.0. Kwa aliyefariki ni kinyume, sababu ya msingi ya kifo inachukuliwa kutoka sura ya 20. Mtu aliyefunzwa upande mmoja tu atakosea ule mwingine kila mara. Pakua juzuu hilo hata kama hutapakua kingine.

Mwuliza atauliza: kwa nini kuhangaika hivi, wakati fomu ya muhtasari ya wagonjwa wa nje ya Wizara ya Afya ya Kenya, MOH 705A kwa walio chini ya miaka mitano na 705B kwa waliozidi, ina mstari mmoja tu wa kuungua? Ni kweli, mvuke, mafuta na moto vyote vinamezwa na mstari huo. Ndiyo sababu rejista ya kituo ndiyo pekee itakayojibu swali la kama watoto wa mtaa fulani wanaunguzwa na kujifukiza au na chai. Ukiharibu huko chini, huko juu hakuna pa kutengenezea.

ICD-11 imeanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, na kitafutio chake ni chepesi kuliko kaka yake: unaandika maneno, nacho kinapendekeza huku ukiendelea. Majeraha yamehamia sura ya 22, vyanzo sura ya 23, na misimbo inaunganishwa kwa alama ya & na ya mkwaju (/) kuwa fungu moja. Alama tunazokipa kwa utafutaji ni tano. Kwa matumizi ya kila siku tunakipa tatu, kwa kuwa fungu refu ni rahisi kukatwa na mfumo wa kompyuta usiolitarajia. Tahadhari moja: katika ICD-11 msimbo unaoanza na X si ajali ya joto tena, ni nyongeza, kama mahali au upande wa mwili. Usichanganye vitabu viwili kwenye mgonjwa mmoja. Muulize anayepokea madai ya malipo anataka toleo lipi, na ujibu kwa hilo hilo. Jambo moja la kupendeza: ICD-11 imeziacha herufi I na O ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwenye ICD-10 bado utakutana na T2O iliyoandikwa kwa O ya herufi, na mfumo ukaikataa bila kueleza kwa nini.

Kwa anayefanya kazi Kiunga, Faza au popote mtandao unapokatika, ukurasa wa ICD-10 hauna maana bila mtandao. Siku ukiwa na intaneti nzuri, pakua Juzuu la 2, fungua kurasa za T20 hadi T32, X10 hadi X19, V93 na mwanzo wa sura ya 20, uzichape. Hazifiki kurasa nyingi, na zikiwekwa plastiki hazidhuriki na mikono iliyotoka kupaka dawa.